Kivuli cha Mkono

Katika mtoto wa meza yangu shuleni, chini ya madaftari ya mahudhurio na vipande vya chaki, imo bahasha kubwa ya kaki. Ndani ya bahasha hiyo mna bamba moja jembamba la plastiki nyeusi, na juu ya weusi wake umekaa mkono wa kulia wa kijana, mweupe kama moshi. Haukuchorwa kwa kalamu wala kwa brashi. Ulichorwa na miale isiyoonekana kwa jicho, kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua. Mara mojamoja, wanafunzi wakiisha kwenda zao, huutoa mkono ule nikauinua dirishani palipo na mwanga. Mifupa yake yote imo mahali pake. Picha yenyewe si ya uongo, wala mashine iliyoipiga haikuwa mbovu. Hata hivyo kwa picha hii nalimdhulumu mtu, nami nataka kukusimulia, msomaji, jinsi nilivyofanya, kwa kuwa yamkini wewe nawe siku moja utashika bahasha ya namna hii mkononi mwako.

Kwanza sina budi kukupasha habari za miale hiyo. Tangu zama za kale waganga walikuwa na njia mbili tu za kujua yaliyomo ndani ya mwili wa mtu aliye hai. Ya kwanza ilikuwa kumgusa, kumsikiliza na kumwuliza. Ya pili ilikuwa kisu. Katikati ya njia hizi palikuwa na giza. Giza hilo lilipasuka jioni ya tarehe 8 Novemba 1895 katika mji wa Würzburg, nchi ya Ujerumani. Profesa wa fizikia, jina lake Wilhelm Conrad Röntgen, alikuwa katika chumba chake cha majaribio akipitisha umeme katika chupa ya kioo iliyotolewa hewa. Chupa ile alikuwa ameifunika kwa karatasi nene nyeusi hata mwanga usipate pa kutokea. Walakini kando yake ubao mdogo uliopakwa dawa ulianza kung'aa gizani. Kitu kilikuwa kinatoka katika chupa, kinapenya karatasi na kuuwasha ubao. Kwa kuwa hakukijua, alikipa herufi ambayo wanahesabu huipa kila jambo lisilojulikana, yaani X. Na jina lile la mashaka limebaki hata leo, nasi tumelilainisha katika vinywa vyetu tukasema eksirei.

Kwa muda wa majuma kadhaa Röntgen alijifungia na jambo lake. Tarehe 22 Desemba alimwita mke wake, Anna Bertha, akamwomba aweke mkono juu ya bamba la picha, akauelekezea miale kwa dakika 15. Bamba liliposafishwa, mifupa ya vidole ilionekana, na katika kidole kimoja pete ilikuwa ikielea kana kwamba nyama iliyoishika imeondoka ikaisahau. Mwaka 1896 ulipoanza, madaktari wa Ulaya na Marekani walikuwa wakitafuta kwa miale hiyo risasi na mifupa iliyovunjika. Röntgen hakutaka kuufanya uvumbuzi wake kuwa mali yake peke yake. Mwaka 1901 alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia, naye alikuwa mtu wa kwanza kuipata.

Furaha ya watu ilikuwa kubwa kuliko hadhari yao. Clarence Dally, msaidizi wa mvumbuzi Thomas Edison huko Marekani, aliijaribu miale hiyo juu ya mikono yake mwenyewe kwa miaka mingi. Mikono ikaungua, ikakatwa, na mwaka 1904 akafa. Hata baada ya hapo maduka ya viatu ya Ulaya na Marekani yaliweka mashine za eksirei ili watoto watie miguu, wajionee vidole vyao vikicheza ndani ya kiatu kipya. Sina neno la adabu la kuuitia upumbavu ule. Leo kipimo cha miale hupunguzwa kadiri iwezekanavyo, na mpiga picha husimama nyuma ya kinga ya madini ya risasi.

Sasa tusimame kidogo juu ya jambo moja, maana ndilo lililonikwaza. Picha ya eksirei ni kivuli. Miale hupita katika nyama kwa wepesi na katika mfupa kwa shida, kwa sababu mfupa umejaa madini ya chokaa. Palipopita miale mingi bamba huwa jeusi; ilipozuiwa hubaki jeupe. Basi daktari hatazami mfupa, hutazama kivuli cha mfupa. Na kivuli, kama ajuavyo kila mtoto aliyewahi kuchezesha vidole mbele ya koroboi, huficha kama kinavyoonyesha. Simama mbele ya mlango wa mbao wenye ufa. Ukiwa umesimama sawasawa na ufa, utaona mwanga wa nje. Sogea hatua moja kando, na ufa haupo tena, ingawa mlango ni ule ule na mwanga ni ule ule. Ndivyo ulivyo ufa wa mfupa. Miale ikipita sambamba nao huonekana kama unywele mweusi. Ikipita mshazari, hufunikwa na weupe wa mfupa wenyewe.

Na mahali penye hila nyingi katika jambo hili ni kifundo cha mkono. Hapo imekusanyika mifupa midogo minane, imebanana kama kokoto ndani ya ngumi, na kivuli cha huu hulala juu ya kivuli cha ule. Mmoja wao huitwa skafoidi, neno lililotokana na Kiyunani cha kale lenye maana ya mashua, kwa jinsi ulivyopinda. Ukitaka kujua ulipo, nyoosha gumba lako kwa nguvu ukilitenga na vidole vingine. Upande wa kifundo, baina ya kano mbili, patatokea kishimo. Wazungu wa zamani walitia ugoro katika kishimo hicho wakaunusa, na madaktari mpaka leo hukiita kisanduku cha ugoro. Nadhani wazee wetu wangekubali matumizi hayo bila mabishano. Chini ya kishimo hicho ndipo ulalapo mfupa wa mashua. Mtu akianguka akajikinga kwa kiganja, mara nyingi huo ndio uvunjikao.

Mlinda lango wetu alianguka hivyo. Ilikuwa mwezi wa Juni, katika mchezo wa kandanda baina ya shule yetu na shule jirani. Alikuwa kijana wa kidato cha pili, mrefu, mkimya, mwenye viganja vipana, na wenzake walimtegemea kama watu wanavyotegemea ukuta. Aliruka kuupangua mpira, akaangukia mkono wa kulia. Aliinuka akacheza mpaka mwisho, ila nalimwona akiurudisha mpira uwanjani kwa mkono wa kushoto. Jioni kifundo kilikuwa kimevimba. Mimi nalikuwa mwalimu wa zamu, nikampeleka hospitali.

Daktari aliyempokea alimwuliza jinsi alivyoanguka, kisha akambonyeza katika kishimo nilichokueleza. Kijana akashtuka akauvuta mkono. Picha zikapigwa. Daktari aliziinua mbele ya taa, akazitazama kwa muda, akasema: “Hapa sioni palipovunjika.” Akaendelea na maneno mengine, lakini mimi, msomaji, nalikuwa nimekwisha pata niliyoyataka. Moyo wangu ulitua. Nalianza kufikiri habari ya nauli, na giza lililokuwa likiingia, na rundo la insha zilizokuwa zikiningoja. Daktari akamfunga kijana gango, yaani ubao na bandeji za kuutuliza mkono usicheze, akaandika katika kikaratasi, akakitia ndani ya bahasha pamoja na picha, akanikabidhi. Nikaiweka bahasha katika mtoto wa meza.

Siku kumi hazijatimia, mitihani ya muhula ikawa karibu. Kijana aliandika kwa shida kwa sababu ya gango. Nikamwambia alivue. Nalisema kwa wema, na wema ule ndio uniumao zaidi: “Ondoa kitu hiki, kijana wangu. Mkono wako hauna neno. Picha imeonyesha.” Akalivua.

Insha zake zikaanza kuja nusu. Herufi zake, ambazo zilikuwa zikisimama wima kama askari, zikalala. Nikaandika pambizoni kwa wino mwekundu neno moja: Uvivu. Hata siku moja ilipofika zamu ya kidato cha pili kufyeka nyasi, alinijia akaniomba aokote takataka badala ya kushika fyekeo. Wenzake walikuwa wakisikiliza. Nikaingia ofisini, nikatoka na bahasha, nikaitoa picha nikaiinua juani mbele yao wote. Nikasema: “Nani kati yenu aweza kunionyesha palipovunjika?” Wakacheka. Yeye hakucheka wala hakulia. Alichukua fyekeo kwa mkono wa kushoto akaenda kufyeka. Tangu siku ile hakuniambia tena kwamba anaumwa, nami nikahesabu kimya chake kuwa ni kupona.

Siku ya kufunga shule nyanya yake alikuja kumchukua. Ni mama mfupi, mkulima, aliyemlea tangu uchanga. Baada ya kuamkiana aliniuliza habari za mkono, nami nikamwonyesha picha. Hakuipokea.

“Mwalimu, mimi hiyo siijui kuisoma,” alisema. “Lakini mtoto huyu nimemwogesha mimi. Mkono huu si ule niliouleta hapa.”

Akamshika kijana kifundo. Na gumba la mama yule, bila kufundishwa na mtu, likaenda moja kwa moja mpaka katika kishimo. Kijana akafumba macho.

Nyanya aliuza mtamba mmoja, akampeleka mjini katika hospitali kubwa. Shule ilipofunguliwa kijana hakuja. Alikuja nyanya na barua. Barua ilisema kwamba mfupa wa skafoidi umevunjika vipande viwili, kwamba kipande kimoja kimekosa damu ya kutosha, na kwamba itabidi apasuliwe, atiwe skrubu ndogo pamoja na kipande cha mfupa kitakachochukuliwa nyongani mwake. Nyanya hakunitupia neno. Aliuliza tu kama karo aliyokwisha lipa itahesabiwa atakaporudi. Alipoondoka nalifungua mtoto wa meza, nikaitoa bahasha, nikaitikisa. Kikaratasi kikaanguka. Mwandiko wa daktari ulisomeka vizuri, jambo ambalo ni nadra, kwa hiyo sina hata udhuru huo. Kilisema gango lisiondolewe, na mgonjwa arudi baada ya siku 14 apigwe picha nyingine.

Kwa nini siku 14? Swali hili nalijiuliza usiku ule, na majibu yake ndiyo yaliyonitia katika kusoma habari hizi zote. Mfupa uvunjikapo, mwili huanza kufagia kingo zilizokufa za ufa kabla ya kuziunga. Kwa kufagia huko ufa hupanuka, na ule uliokuwa mwembamba hata usitoe kivuli huonekana baada ya siku 10 au 14. Kwa hiyo daktari huweza kutoona kitu siku ya kwanza na bado akakataa kusema kwamba hakuna kitu. Hufunga mkono, hungoja. Tena mfupa huu una desturi isiyo ya kawaida: sehemu kubwa ya damu yake huingilia upande wa vidole, kisha hurudi nyuma kuelekea mkono. Ukikatika katikati, kipande cha nyuma huweza kufa kwa kukosa chakula, kama shamba la chini mfereji ukizibwa juu. Kila siku ambayo mkono ule ulishika fyekeo, maji yalikuwa yamezibwa.

Barua ile ilitaja kwamba baada ya eksirei mpya kijana alilazwa katika mashine ya CT. Mashine hii nayo hutumia miale ya Röntgen, ila haisimami mahali pamoja. Kumbuka mlango wenye ufa: mtu anayesogea huku na huku hawezi kukosa kuuona. Chombo cha miale humzunguka mgonjwa, kikipima kwa kila upande ni miale kiasi gani iliyopenya. Kisha tarakilishi huzikusanya hesabu hizo na kuzifumbua, hata mwili ukaonekana tabaka kwa tabaka, kama mkate uliokatwa vipande, ijapokuwa haukuguswa na kisu.

Nalifurahi kujua kwamba sehemu ya hesabu hizo ilianzia barani mwetu. Allan Cormack alizaliwa Johannesburg mwaka 1924, akawa mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Mwaka 1956 hospitali ya Groote Schuur mjini humo ilipungukiwa na mwanafizikia wa kusimamia vitu vyenye mnururisho, na sheria ilitaka awepo mmoja. Basi Cormack akaombwa awe akifika pale kwa sehemu ya juma. Aliwaona madaktari wakipanga kuwatibu wagonjwa kwa miale kana kwamba mwili ni kitu cha namna moja, mfupa na pafu sawasawa. Jambo hilo lilimkera. Akajiuliza kama haiwezekani kujua uzito wa kila sehemu ya ndani kwa kupima miale kutoka nje pande zote. Aliipata njia ya hesabu, akaichapisha mwaka 1963 na 1964, na karibu watu wote wakaipuuza. Huko Uingereza Godfrey Hounsfield, mhandisi wa EMI, kampuni iliyojulikana zaidi kwa santuri za muziki, aliifikia njia hiyo bila kujua habari za Cormack. Katika majaribio yake ya mwanzo kukusanya vipimo vya picha moja kulichukua siku 9. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley huko London, mwanamke aliyedhaniwa kuwa na uvimbe katika ubongo alilazwa katika mashine yake, na uvimbe ukaonekana bila fuvu kufunguliwa. Mwaka 1979 wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel ya tiba. Leo mashine ya CT humaliza kifua kizima kwa muda wa mtu kuzuia pumzi mara moja.

Nisije nikakufanya udhani kwamba picha zote za mwili ni kazi ya miale. Altrasaundi, ambayo mama wengi wa nchi hii wameiona kuliko wameiona CT, hutumia sauti nyembamba mno isiyosikika kwa sikio la mtu. Sauti hupelekwa mwilini, hugonga, hurudi kama mwangwi, na mwangwi huo hugeuzwa kuwa picha. Popo huruka usiku kwa elimu hiyo hiyo. Chombo cha kwanza alichotumia daktari Ian Donald wa Glasgow, huko Uskoti, kilitoka kiwandani, ambako kazi yake ilikuwa kutafuta nyufa katika vyuma. Mwaka 1955 Donald alitia ndani ya gari uvimbe uliotolewa kwa wagonjwa wake, akaupeleka katika kiwanda cha matangi ya mvuke ili aupime, pamoja na pande la nyama ya ng'ombe la kulinganishia. Baadaye aliletewa mwanamke ambaye madaktari walikwisha kata shauri kwamba ana saratani ya tumbo isiyopasulika. Mwangwi ulionyesha kitu kingine: mfuko mkubwa wa maji. Mwanamke akapasuliwa, uvimbe wa ovari ukatolewa, akapona. Donald na wenzake walichapisha habari hizo mwaka 1958. Kila ninapofikiri juu ya mgonjwa yule huwaza zile siku alizokaa akijua kwamba atakufa, kwa sababu watu wenye elimu walikuwa na hakika.

Leo kuna vyombo vya altrasaundi vinavyoshikwa kwa mkono mmoja na kuunganishwa na simu, na wakunga wa hapa Kenya wamefundishwa kuvitumia. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri kila mama mjamzito apimwe kwa altrasaundi mara moja kabla ya wiki 24. Nimepata kumsindikiza mke wangu katika kipimo hicho. Niliona nukta ndogo ikipigapiga katika ukungu, na muuguzi akasema huo ni moyo. Sikudai kuona zaidi.

Iko pia mashine ya MRI, isiyotumia eksirei hata kidogo. Mwili wetu ni maji kwa sehemu kubwa, na katika maji mna haidrojeni. Mgonjwa akilazwa ndani ya sumaku yenye nguvu, viini vya haidrojeni hujipanga kama wanafunzi wasikiapo kengele. Mawimbi ya redio huvisukuma, na vinaporudi mahali pake hutoa ishara ndogo, ambayo hugeuzwa kuwa picha. Mwaka 1977 Raymond Damadian na wasaidizi wake huko Marekani walipompiga mtu picha ya kifua kwa njia hii, kazi ilichukua karibu saa tano. Paul Lauterbur na Peter Mansfield walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2003 kwa kuifanya ishara hiyo kuwa picha zenye faida. MRI huona ubongo, uti wa mgongo, kano na gegedu, vitu ambavyo eksirei huvipita kama havipo. Huona hata maji yanayojikusanya ndani ya mfupa uliopasuka, na kwa sababu hiyo ingaliweza kuuona ufa wa mlinda lango wetu katika siku za kwanza. Lakini sumaku ile kubwa ni ghali kununua, ghali kupozwa na ghali kutunzwa, na mwanafunzi wa shule ya mashambani haipati kwa kuteguka mkono. Mwaka 2020 Marekani iliidhinisha MRI ndogo ya magurudumu, ya kuchunguza ubongo, ambayo husukumwa mpaka kando ya kitanda. Picha zake si kali kama za ile kubwa, ila hufika pasipofikika.

Kwetu, mwaka 2015 serikali ilianza mpango wa kukodisha mitambo ya matibabu, ya picha ikiwamo, kwa hospitali 98, mbili katika kila kaunti na nyingine za taifa. Mpango huo ulizua mabishano mengi ya fedha ambayo si kazi ya insha hii. Neno langu ni dogo zaidi: mtambo ukifika, bado atahitajika mtu wa kuupigisha picha, na mtu wa kuisoma, na mtu wa kusoma kikaratasi.

Siku hizi hata kusoma kwenyewe kumeanza kufundishwa tarakilishi. Huonyeshwa maelfu ya picha za wagonjwa na za wazima mpaka ikajifunza kutofautisha. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali zitumiwe programu za namna hiyo kuzisoma eksirei za vifua vya watu wenye miaka 15 na zaidi, katika kuwatafuta wenye kifua kikuu. Mahali pasipo na daktari wa picha hili ni jambo la kuokoa maisha, nami silidharau. Lakini kivuli katika pafu huweza kuwa kovu la zamani, au ugonjwa mwingine. Kwa hiyo anayeshukiwa na tarakilishi hupimwa makohozi kabla ya kuitwa mgonjwa wa kifua kikuu. Nalipoisoma habari hiyo nalirudi nyuma nikaisoma tena. Mashine imewekewa sharti la kuuliza zaidi ikiisha kutazama, na mimi, niliyesomea chuoni jinsi ya kumfahamu mtoto, sikujiwekea.

Kijana alirudi shuleni muhula wa kwanza wa mwaka uliofuata, mkono ukiwa umetoka katika plasta karibuni. Nalimwomba radhi mbele ya darasa lile lile, kwa kuwa pale ndipo nilipomkosea. Hakusema neno ila, “Ndiyo, Mwalimu.” Mfupa umeunga, lakini kifundo hakipindi mpaka mwisho. Langoni amesimama kijana mwingine. Yeye sasa hucheza beki wa kushoto. Huandika kwa mkono wa kulia, polepole, na katika mitihani ya shule tumemwongezea muda.

Juzi alikuja ofisini kwangu kunirudishia bahasha. Alikuwa ameiazima kwa sababu daktari wake wa kliniki alitaka kulinganisha picha zote tangu ya kwanza. Nikamwambia si yangu, ni yake.

“Ninazo nyingine, Mwalimu,” alisema. “Hii kaa nayo.”

Kisha akaitoa picha akaiinua dirishani, akaweka ncha ya kalamu juu ya mfupa mmoja mdogo. “Daktari anasema ukijua pa kutazama, utadhani unauona. Ni hapa.”

Nalisogea. Nalitazama kwa muda mrefu, nikaligeuza bamba, nikafuta vumbi la chaki kwa mkono wa shati. Sikuona kitu. Nikamwambia hivyo.

Akaweka kalamu mezani, akaniomba mkono wangu wa kulia. Akaligeuza gumba langu juu, akatafuta kidogo, akabonyeza.

“Hapa,” akasema.